Heshima ya Mkwe na Kurasa Sitini na Tatu

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Alhamdulillah, nimeamka mzima. Baridi ya kukata masikio. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, duka la Tobia, mshindani wangu, ng'ambo ya barabara halionekani kabisa. Hiyo nayo ni neema.

Saa mbili kasoro nikawasha kompyuta. Nikaenda kuchota maji. Nikatia udhu, nikasali dhuha rakaa nne bila haraka. Nikarudi. Kile kiduara bado kinazunguka! Watu wakiwa na mashine nzito wanalalamika. Mimi nashukuru. Mashine nyepesi ingenipa wapi nafasi ya dhuha?

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomi mtu. Mashine yangu ina kurasa sitini na tatu za mtandao zilizo wazi, hata nikizima na kuwasha zinarudi kama nilivyoziacha. Si uzembe. Kila ukurasa ni mtu. Yupo Esta aliyeomba kazi ya upishi hotelini. Yupo kijana wa Soni anayetafuta cheti kilichopotea. Wote nimewajazia fomu hapa steshenari, na wote wanasubiri majibu. Tobia husema ukishatuma, funga. Nimfunge mtu hajajibiwa? Kwetu mgeni hafungiwi mlango angali kwenye kiti. Kila asubuhi nawapitia, namtaja kila mmoja jina, nawaombea dua. Ndipo naanza kazi.

Wa kwanza wao ni Mzee Ramadhani. Ombi lake la kupimiwa shamba nilituma Februari. Tangu hapo huja kila siku, hukaa benchi la barazani, huuliza kama wamejibu. Nautazama ukurasa wake. Umeandikwa "Linashughulikiwa", vilevile kama siku ile. Namwambia bado, mzee wangu. Anasema Mungu ni mkubwa, anajimiminia chai yangu.

Kivinjari changu ni kile chenye picha ya mbweha. Aliyenifundisha kompyuta alitumia Mbweha, nami sibadili mwalimu. Tobia ni mtu wa Duara, lile la rangirangi. Mji umegawanyika kama siku ya mechi. Asiyejua hata kuwasha mashine, ukimuuliza, ana upande.

Mchana Salama, mke wangu, kaja na habari. Kuna jumuiya ya wahisani Tanga itawapeleka wazee wa milimani kuhiji mwakani. Bure kabisa! Fomu ni ya mtandaoni tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Mama yake amesikia, huko Mlalo hajalala siku mbili. Miaka yote alikuwa akiweka akiba ya Hija, na kila akiba ikifika mahali, mjukuu anaugua au paa linavuja.

Salama akasema, kwa upole, fomu ijazwe kwa Tobia.

Kwa Tobia! Mama mkwe wangu aandikiwe Hija na mwimba kwaya wa Kilutheri, na mkwewe yuko hai, ana duka, ana mashine! Nikampigia mkwe papo hapo. Kwa heshima nikazungumza na simu ikiwa juu ya meza, uso nimeuelekeza ukutani. Nikamwambia asihangaike, kutoka Lushoto mpaka Mombo hakuna mwenye kasi kama mimi.

Salama alinitazama. Akachukua kikapu, akaenda zake. Mungu ambariki.

Jumanne, 19 Agosti

Mpango wa kwanza. Upelelezi.

Nimevuka barabara kwenda kuazima pini za stepla. Pini ninazo pakiti mbili, lakini mpelelezi lazima awe na sababu. Nikamwamkia Tobia kwa Kishambaa, onga makeo, naye akaitikia kwa furaha kana kwamba hajui nimefuata nini. Akaniita Shehe Zuberi, karibu, leo umevuka bahari.

Nikasogea nyuma ya kiti chake. Akabonyeza Duara. Likafunguka. Hapo hapo! Sikumaliza hata bismillahi. Na mashine yenyewe ni ndugu ya yangu, tulizinunua siku moja, kwa mtu mmoja, zote zimetumika. Juu ya kioo chake kurasa mbili tu. Wa tatu aliufunga mbele ya macho yangu, wa mama mmoja aliyekuwa bado anavaa viatu mlangoni. Moyo wa jiwe.

Akaniambia bila kuulizwa: kurasa zako ni nyingi kuliko mafungu ya viazi sokoni, zipunguze, mashine ipumue. Nikamshukuru. Nikaondoka na pini kumi na hekima sifuri. Huyu hataki nijue siri. Siri ni Duara.

Mchana nimelishusha Duara. Lilichukua muda wa adhuhuri, chakula, na usingizi mdogo. Kisha nikawagawa wateja kwa haki, nusu wahamie Duara. Lakini kule kwa Mbweha sikuwafunga, mtu asije akajiona amefukuzwa. Kwa hiyo sasa wako pande zote mbili.

Mashine inanguruma kama ya kusaga mahindi. Alasiri paka wa jirani kaja kulala juu yake kwa joto. Nami nimeweka mikono. Agosti yote nimetafuta makaa ya bei nafuu, kumbe moto ninao mezani. Alhamdulillah.

Fomu ya mkwe sijaigusa. Kesho.

Jumatano, 20 Agosti

Mpango wa pili ulikuwa baridi. Nilisikia mashine ikipoa inakimbia. Nikafungua dirisha, ukungu ukaingia kwa wingi. Karatasi za fotokopi zikalegea kama mchicha. Mashine haikukimbia. Ilipiga chafya moja na kuzimika.

Nikaiwasha. Kiduara. Na ndipo, mlangoni, nani?

Mkwe! Kaja na basi la kwanza la Mlalo, kikapu cha matunda ya pea kichwani, magimbi kwenye kitenge. Kasema moyo haukutulia, kaona aje aone mwenyewe. Na Salama yuko shamba!

Asiyejua mila zetu hataelewa. Mama mkwe hakodolewi macho. Hukai naye kiti kwa kiti. Jina lake hulitamki. Na fomu inataka nimuulize mambo ambayo hata daktari angeona haya.

Mzee Ramadhani akatuokoa, Mungu ampe maisha marefu. Mkwe akakaa barazani, kanipa mgongo. Mimi ndani, nimempa mgongo. Ramadhani katikati, na kikombe changu. Mimi namwambia Ramadhani, Ramadhani anamwambia mkwe, mkwe anamjibu Ramadhani, na wote watatu tunasikiana wazi.

Jina na tarehe ya kuzaliwa vilikuwa kwenye kitambulisho. Kitambulisho nilikishika kwa ncha za vidole.

Nikamwambia Ramadhani amuulize mgeni wetu ana maradhi gani. Mkwe akajibu ana presha kidogo, ilimwanza siku ya harusi ya Salama. Nikaandika, presha.

Nikamwambia amuulize uzito. Mkwe akavuta kitenge chake. Halafu: "Mwambie mkwe wangu mimi si gunia la kabichi." Ramadhani akaniambia mgeni wetu anasema yeye si gunia la kabichi. Nikakadiria. Nilikadiria kwa adabu, kilo kumi chini.

Ikabaki picha. Nikainua simu huku nimefumba macho. Picha ya kwanza dari. Ya pili dari. Ya tatu Mzee Ramadhani, katabasamu, imetoka vizuri sana. Salama aliporudi shamba akapiga moja, ikatosha.

Nikaipandisha kwenye fomu. Lo! Ikajitokeza kwenye kioo, chini upande wa kushoto, kubwa kama sahani ya kulia wali. Mkwe ananitazama! Macho kwa macho! Nikisogea kulia, ananifuata. Siwezi kubonyeza herufi moja mtu mzima ananitazama hivi.

Nikachukua bahasha ya kaki, nikaikata vizuri, nikaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kioo, pale pale alipo. Heshima kwanza, kazi baadaye. Nikapumua.

Usiku mwema, daftari. Nimemuona mkwe kwa upande wa jicho akiwagawia majirani pea. Mama mwema yule. Kesho natuma.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya soko, mji umejaa. Nimebonyeza Tuma. Fomu ikafikiri. Ikarudi pale pale.

Nikabonyeza tena. Pale pale. Mara saba, kwa nia njema. Mbweha kanisaliti, nikasema, mwalimu wangu anisamehe. Nikajaza upya kwa Duara. Mkwe akatokea tena chini kushoto, lakini bahasha ilikuwa tayari inamsubiri. Tuma. Pale pale!

Mpango wa tatu. Kuna kivinjari kingine kilikuja na mashine yenyewe, kina alama kama wimbi la buluu, sijawahi kukigusa. Nikakifungua. Nikajaza. Bahasha. Tuma. Pale pale.

Sasa mashine ina vivinjari vitatu na mkwe yumo katika vyote. Kugusa herufi na kuiona kwenye kioo ni mwendo wa ayatul kursiyu nzima. Najua, nimepima.

Kwa kuwa biashara haitaki huzuni, nikaandika tangazo la mlango: HAPA VIVINJARI VITATU. JIRANI KIMOJA. Tobia akalisoma kutoka ng'ambo, akanipungia mkono, akaendelea kuimba. Foleni yake ilifika kwa muuza karoti.

Adhuhuri Salama akaja, mama anauliza kama fomu imekwenda. Nikajibu, "Alhamdulillah." Si uongo! Sifa ni za Mwenyezi Mungu katika kila hali, na hii ni hali. Salama akalichukua lile neno akalifikisha nyumbani likiwa limeshakuwa "imekwenda".

Ndipo balaa. Mkwe kaanza kuaga! Nimerudi kula, nikakuta anapiga simu Mlalo, mmoja mmoja, anaomba radhi. Ndivyo wafanyavyo mahujaji, huwezi kwenda kwenye nyumba ya Mungu na deni la moyo. Kamwomba radhi shemeji yake kwa maneno ya mwaka wa njaa. Kamwomba radhi jirani kwa kuku aliyempiga jiwe. Sijui kuku yule yu hai.

Halafu akamtuma Salama kwangu. Anasema nimsamehe, maana nilipokuja kuposa, alimwambia marehemu mumewe kijana huyu ni mvivu mwenye mdomo. Amebeba neno hilo miaka ishirini na sita. Anaomba limtoke.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mabati. Nimelia, daftari. Mama wa watu ananiomba radhi mimi, na fomu yake iko chini ya bahasha haijaenda popote! Nikamtumia salamu kwamba nimesamehe toka zamani, na nikamwomba naye anisamehe mimi. Akauliza kwa kosa gani. Nikasema kwa ujumla.

Tobia ningemwita. Miguu haikukubali. Baada ya lile tangazo?

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika kwa shukrani. Nianze mwanzo.

Asubuhi mashine iliwaka kwa taabu. Nilituma mara kumi na moja. Pale pale. Nikaenda swala ya Ijumaa, nikasujudu sijda ndefu hata jirani yangu akanigusa bega akidhani nimezimia. Nimerudi saa nane na nusu. Mashine imeganda. Kipanya hakitembei. Kurasa zote, vivinjari vyote, kimya kama kaburi. Feni tu ndiyo inalia.

Saa tisa Salama akaingia na chai ya mkwe, aliyekuwa barazani na Mzee Ramadhani. Akaona kioo. Akaniuliza ile fomu iliyokwenda jana mbona bado ipo. Nikasema Alhamdulillah. Akasema, "Baba Mbaraka, usinimalizie Alhamdulillah za watu. Imekwenda au haijakwenda?"

Nikasema haijakwenda.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema taratibu mama yake ameshaomba radhi mpaka kuku. Akaweka chai chini, akavuka barabara peku.

Tobia akaja mbio, wateja wake kawaacha wamesimama. Alipofika barazani akasimama kwanza, akamwinamia mkwe, shikamoo mama. Ndipo akaingia. Tangazo langu alilipita bila kulitazama, na hapo nilitamani kulitafuna.

Akauliza bahasha ni ya nini. Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Wapi! Akasema na yeye anaye mama mkwe, yuko Bumbuli, akija, yeye Tobia hutoka nje hata kukohoa. Kisha, kwa ruhusa yangu, akaufunika uso wa picha kwa kiganja chake, akabandua bahasha chini tu, kidogo kidogo, kama anafunua kidonda.

Chini ya picha palikuwa na kijisanduku. Pembeni yake maneno mekundu: Weka alama hapa kuthibitisha kuwa taarifa ni za kweli. Siku tatu maneno yananiita, nami nimeyafunika kwa heshima!

Lakini kipanya hakikwenda. Saa tisa na nusu. Tobia akasema hakuna njia, kurasa zifungwe zote, ubaki wa mama.

Zote! Nikamwambia hawa ni watu. Akasema anajua, lakini huyu wa barazani naye ni mtu, na ana nusu saa. Nikasema basi angalau tuwasindikize, nimtaje kila mmoja jina. Salama akasema nithubutu tu nione.

Ndipo Mzee Ramadhani akainuka kwenye benchi lake. Akasema wa kwanza kufungwa awe yeye. Kwa ajili ya Hija ya mtu, shamba lingoje. Sijaona ukarimu kama ule. Kipanya kikasogea kidogo, tukaufikia ukurasa wake, na Tobia kabla ya kuufunga akauliza mara ya mwisho niliuita upya lini.

Kuuita upya?

Akabonyeza. Ukazunguka, ukazunguka, ukaja. "Limekubaliwa, 9 Aprili." Aprili! Mzee wa watu kakaa kwenye benchi langu miezi minne anangojea jibu lililokwisha kuja! Mimi namwonyesha kila siku ukurasa wa Februari, namwambia bado!

Nilimwangukia magoti. Akanishika mkono akasema niinuke, chai ilikuwa nzuri.

Tobia akafunga. Mmoja, kumi, wote. Vivinjari viwili vikafungwa. Feni ikanyamaza. Mpaka tukasikia ndege nje. Mbweha akabaki peke yake na mkwe. Tobia akaweka alama kwenye kijisanduku, akasogea pembeni, akasema bonyeza wewe, ni mkweo.

Bismillahi. Tuma.

"Ombi limepokelewa." Saa kumi kasoro dakika sita.

Salama akapiga kigelegele. Barazani mkwe akauliza kuna nini. Sikumtuma Ramadhani. Nilitoka mwenyewe, macho chini, nikamweleza yote, na Alhamdulillah ya jana nayo. Nikangoja. Akaweka kikombe chini. Kisha, bila mtu wa katikati, akasema, "Mwanangu. La mvivu nilishaliomba radhi. La mdomo nalirudisha, unao."

Nikacheka na kulia pamoja. Mwanangu! Miaka ishirini na sita!

Tobia kaondoka na nusu ya kikapu cha pea. Tangazo nimelitoa.

Jumamosi, 23 Agosti

Namshukuru Mungu kwa Tobia, kwa Salama, kwa Mzee Ramadhani ambaye ana shamba lililokubaliwa na leo kaja hivyo hivyo kukaa benchi lake. Namshukuru kwa mafunzo aliyonipa wiki hii. Nimeyaelewa vizuri kabisa.

Mashine leo ilifunguka kabla sijafika mlangoni. Dhuha nimeikosa. Si jambo la kujivunia.

Ukurasa wa mkwe, ule wa "limepokelewa", nimeuacha wazi. Nitamfungaje mama aliyeniita mwanangu, na jibu halijaja? Kuufunga ni kama kumrudisha njiani. Nimemfungulia pia kwa Duara na kwa Wimbi, apate pa kupumzika. Esta kaja kuuliza mambo ya kazi, nikaona aibu kumwambia nimemfunga, nikamfungulia tena. Kisha kijana wa Soni. Kisha Mzee Ramadhani kasema apimiwe na kishamba cha pili, tumetuma, nimemwacha wazi. Hadi alasiri ni thelathini na nne tu. Naenda kwa kiasi.

Kuita upya nako nimeshika, sitakusahau. Nimekuandika kwenye karatasi, karatasi nikaiweka kwenye droo, isipotee.

Jioni kabla ya kupanda basi mkwe kaniachia zawadi. Kitambaa cha kufuma, cheupe, ua katikati, kama vile wanavyofunikia redio na televisheni. Kakifuma usiku kucha kwa mkono wake. Kasema bahasha ile haipendezi dukani kwa mwanawe. Kakitandaza mwenyewe juu ya kompyuta, ncha moja ikaning'inia mbele ya kioo, chini upande wa kushoto. Imekaa vizuri ajabu.

Sasa hivi naandika, mashine imeanza kunguruma tena, na naona kuna maneno mekundu yanawakawaka nyuma ya lile ua. Lakini zawadi ya mkwe haifunuliwi. Kesho, inshallah, Tobia akitoka kanisani nitamwomba anisaidie kubadili kivinjari.